Barua ya Kuthibitisha Makazi

Ujumbe uliingia asubuhi, Msusi akiwa na sindano ya kulabu mkononi na nywele tatu amezibana kwa midomo. "Hongera! Umepokea malipo." Alitaka kupiga kigelegele, lakini kabla hajazitoa zile nywele mdomoni macho yalishashuka kwenye mstari wa chini, wenye maandishi madogo mekundu. Fedha zimezuiwa. Tafadhali thibitisha utambulisho wako na makazi yako ndani ya siku kumi na nne. Usipofanya hivyo, fedha zitarudishwa kwa mtumaji na akaunti yako itafungwa.

Watu wa ule mtandao wa malipo wana adabu kweli. Hata wakikukaba koo, wanaanza na tafadhali.

Fedha zilikuwa za wigi sita. Asiyeijua kazi hii anadhani wigi linapitishwa kwenye cherehani kama begi. Msusi alifunga unywele mmoja mmoja kwenye wavu mwembamba, fundo juu ya fundo, wigi moja kwa wiki tatu, mpaka shingo ikakakamaa na macho yakawa yanatoa machozi yenyewe. Mteja wake alikuwa mwanamke wa ng'ambo, mwenye duka la kuwauzia wagonjwa walionyonyoka nywele kwa sababu ya matibabu. Alizipenda zile sita na akataka kumi na mbili nyingine. Sharti lake lilikuwa moja: analipa kupitia mtandao huo tu, na jina la akaunti liwe lilelile la kwenye mkataba. Akaunti ikifungwa, na oda imekwenda.

Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi kwa sababu anatengeneza friji, aliusoma ujumbe akiwa amesimama nyuma yake.

"Nilikwambia ufungue kwa jina langu. Mimi nina leseni, nina kila kitu."

"Za mwaka jana ziliingia kwa jina lako," Msusi akasema. "Zikatoka zimekuwa kompresa."

"Ile kompresa si ya wote?"

"Ya wote, ndiyo. Mbona mimi sijawahi hata kuigusa?"

Fundi akacheka, akampigapiga begani, akachukua mkoba wake wa spana akaenda zake. Alikuwa mwanaume mwema, tena mwema sana, mpaka inapofika pale ambapo wema unatakiwa ufungue mdomo.

*

Utambulisho peke yake ulikula siku tatu. Simu ilitaka apige picha kitambulisho, kisha ajipige uso, ageuze kichwa kushoto, ageuze kulia, apepese macho. Siku ya kwanza alikuwa amevaa wigi lake la kazini, lenye nywele zinazoangukia kwenye nyusi, kwa kuwa mwanamke anayeuza wigi hatembei kichwa wazi. Jibu likaja: uso haulingani.

Mtu mwingine yeyote angelivua. Msusi yeye aliona mashine inahitaji kusaidiwa. Alichukua wigi la akiba, akaketi nalo kutwa, akalipunguza na kulisuka mistari ileile iliyokuwa kichwani mwake siku alipopigwa picha ya kitambulisho, miaka minane iliyopita. Hata ule mstari uliopinda karibu na sikio la kulia aliupinda. Alipolivaa, alijitazama kwenye kioo akajipongeza. Jibu likaja: tumegundua jaribio la kujibadilisha sura. Umebakiwa na nafasi moja.

Siku ya tatu alivua kila kitu, akakaa karibu na dirisha na vinywele vyake vifupi vilivyochoka, akageuza kichwa kushoto. Wakati huohuo mama mkwe alikuwa anapita na ndoo.

"Ehee," mama mkwe akasema. "Kumbe ndivyo ulivyo!"

Mashine ilimkubali. Mama mkwe naye akaendelea na ndoo yake, akicheka peke yake hadi jikoni.

*

Huyu mama alikuwa karani wa bohari ya shule kwa miaka thelathini, na tangu mumewe afariki aliiendesha nyumba kama bohari. Funguo zilikaa kiunoni, bili zilikaa kwenye faili, faili lilikaa kabatini. Sukari ilitoka kwa kipimo. Msusi ndiye aliyekuwa akipika, akifua, akichota maji na kumpaka mama dawa ya magoti kila jioni, lakini kujua nyumba ile inatumia umeme wa kiasi gani hayakuwa mambo yake.

Mtandao ulitaka karatasi inayoonyesha jina la Msusi na mahali anapoishi. Bili ya maji, haikuwepo. Taarifa ya benki, hakuwa na benki, na alipokwenda benki kufungua akaunti, yule dada wa dirishani alimwomba uthibitisho wa makazi. Ikabaki bili ya umeme. Siku ya tano mama mkwe alipokwenda kliniki akasahau faili mezani, Msusi akaipiga picha bili na kuituma.

Bili ilikuwa na jina la baba mkwe. Marehemu alikuwa kaburini mwaka wa tisa, lakini kwa watu wa umeme alikuwa mzima na analipa vizuri. Jibu la mtandao lilikuja likiwa na uso wa kutabasamu: jina halilingani. Tafadhali mwambie mwenye bili awasiliane nasi moja kwa moja.

"Nikamwite?" Msusi aliiuliza simu.

Sauti yake ilisikika hadi mlangoni, na mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe, katoka kliniki, mkono mmoja kiunoni. Mbele yake mezani faili lilikuwa wazi.

"Unatafuta nini kwenye karatasi za mume wangu?"

"Shikamoo mama. Sikuchukua kitu. Nilipiga picha tu, kuna watu wa malipo wanataka—"

"Umempiga picha marehemu ukampeleka wapi?"

"Si marehemu, mama, ni bili."

"Jina lake si lipo pale? Basi umempeleka yeye." Akalifunga faili na kulikumbatia. "Miaka sita nakuvumilia humu ndani. Leo umeanza na bili, kesho nitakukuta umeshika hati ya nyumba. Mimi nilikaa bohari, mama. Wezi nawajua wakianza. Huwa wanaanza na kalamu."

Neno mwizi lilimchoma Msusi kuliko alivyotegemea. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

*

Karani wa ofisi ya mtaa alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye muhuri uliofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza usiibiwe. Alimsikiliza Msusi mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya wiki ile.

"Barua ya makazi naandika kila siku," akasema. "Ina jina lako kamili, namba ya kiwanja, muhuri, wanaikubali. Nyumba ni ya nani?"

"Ya mama mkwe."

"Hapo poa. Cheti cha ndoa unacho?"

Msusi akatazama kamba ya muhuri. "Wazee walikaa, tukaozwa. Kuandikisha bado. Mume wangu alisema mwaka ujao."

"Mliozwa lini?"

"Mwaka wa sita huu."

Karani alikuwa mtu wa kucheka, lakini hapo hakucheka. "Basi sikiliza, mdogo wangu. Mama mwenye nyumba aniandikie mistari miwili tu, kwamba unaishi kwake. Mimi sibuni, mimi nanakili. Atakachoandika yeye ndicho nitakachogongea muhuri."

*

Aliomba wakati wa chakula, siku ya nane, baada ya kumpa mama kipande kikubwa na cha kwanza. Aliomba kwa adabu zote, magoti yakiwa sakafuni. Fundi alikuwa upande wa pili wa meza, macho kwenye sahani.

"Mistari miwili," mama mkwe akasema. "Niiandikie serikali kwamba huyu anaishi kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Shoga yangu mmoja aliandika mistari hiyohiyo miwili. Mkwewe akaiweka kwenye pochi, akatulia kama maji ya mtungi. Walipoachana na mwanawe, akaitoa mahakamani. Leo mkwe anakaa sebuleni, shoga yangu analala kwa dada yake, kitanda cha kukunja. Unataka na mimi nikakunje?"

"Mama, mimi sitaki nyumba. Nataka malipo yangu. Nimefanya kazi."

"Kazi ya kushona vichwa! Nyumba yangu imejaa vichwa vya sponji visivyo na macho, nikiamka kwenda haja nashtuka." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, umenyamaza nini? Mkeo anaandikisha nyumba ya baba yako wewe unatafuna?"

Fundi akameza. Wanawake wawili wakamtazama.

"Mama," akasema, "chumvi imezidi kidogo."

Msusi aliinuka na sahani yake. Kule jikoni alijikaza kisabuni, akahesabu siku zilizobaki kwa vidole, akapata sita. Aliuandikia mtandao barua ndefu, akaeleza kila kitu: bili, marehemu, kliniki, shoga aliyelala kitanda cha kukunja. Jibu lilirudi kabla hajaiweka simu chini. Asante kwa kuwasiliana nasi! Tunathamini sana wateja wetu. Tafadhali tuma uthibitisho wa makazi.

Aliandika tena, safari hii neno moja ambalo si la kuandikwa. Wakamjibu: asante kwa maoni yako.

*

Siku ya kumi na tatu Fundi alimfuata Msusi uani, uso umechangamka, bahasha mkononi.

"Nimeongea na mama. Amekubali."

"Amekubali?"

"Nilimkalisha chini tukaelewana. Kaandika kwa mkono wake mwenyewe. Hii hapa, ameifunga kwa gundi, anataka karani ndiye aifungue. Unamjua alivyo na mambo yake ya bohari."

Msusi hakuamini. Aliishika ile bahasha kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu wiki mbili zile zianze alimtazama mumewe kama mtu. Aliona haya kwa yote aliyoyawaza juu yake akiwa anaosha vyombo.

"Twende wote," akasema.

"Ningependa, lakini kuna friji la bucha limekufa. Nyama itaoza." Akampigapiga begani. "Nenda tu. Kazi imeisha hiyo."

Ofisi ya mtaa ilikuwa imejaa. Benchi lilikuwa na watu tisa, na wengine wamesimama hadi nje. Ilipofika zamu yake karani alimpokea kwa furaha, akaichana bahasha, akavaa miwani. Mwandiko ulikuwa mzuri ajabu, umelala upande mmoja wote. Karani alikuwa na mazoea ya kusoma kwa sauti ili asiruke neno.

"Mimi niliyetajwa hapo juu, mmiliki wa nyumba, nathibitisha kwamba mwanamke huyu anaishi kwangu kama mtumishi wa ndani tangu miaka sita iliyopita." Sauti ya karani ikapungua, lakini mdomo haukusimama. "Kazi zake ni kupika, kufua na kuchota maji. Analala chumba cha uani. Hana undugu na familia hii wala haki yoyote katika nyumba hii."

Mzee mmoja benchini akakohoa. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya Msusi alimuuliza jirani yake kwa sauti ambayo aliidhani ni ndogo, "Si yule mke wa fundi friji? Kumbe ni dada wa kazi?"

"Kuna makosa," Msusi akasema. "Mama mkwe ana utani. Ngoja nimpigie mume wangu."

Karani alivua miwani. Aliigeuza barua mezani, akaisukuma taratibu, akaweka kidole chini kabisa. Palikuwa na neno Shahidi, na mbele yake saini. Ilikuwa na mkia unaozunguka mara mbili, ule ambao Fundi huuchora kwenye risiti zake ili wateja wamwone msomi.

Msusi aliitazama ile saini. Aliwaza namna Fundi alivyokaa kuiandika. Alikaa, lazima alikaa, maana mkia ule hauchorwi mtu akiwa amesimama. Mama yake alikuwa pembeni, na labda alisoma kwanza. Kisha akaipokea bahasha akatoka nayo uani akitabasamu, akamwacha ashukuru.

"Mdogo wangu," karani akasema kwa sauti ya chini, "rudi nyumbani, mkae wakuandikie nyingine. Hii siwezi kuibadilisha. Nikiinakili, nainakili yote."

"Kesho ndiyo mwisho."

"Najua. Pole."

"Chumba cha uani kimeandikwa?"

"Kimeandikwa."

"Na miaka sita?"

"Miaka sita."

"Gonga muhuri," Msusi akasema. "Gonga kwenye barua utakayoandika na kwenye ya mama mkwe. Na ya kwake nirudishie, nitabaki nayo."

*

Mtandao haukuuliza yeye ni nani katika familia ile. Ulitazama jina, kiwanja, tarehe na muhuri, na kesho yake saa tatu asubuhi ukampigia makofi. Makazi yako yamethibitishwa. Fedha zako ziko tayari.

Alikwenda kutoa sehemu ya fedha, akanunua wavu wa wigi kumi na mbili, mafungu ya nywele, godoro jembamba na kufuli kubwa la shaba. Aliporudi alikwenda moja kwa moja chumba cha uani. Kilikuwa stoo ya Fundi. Alitoa milango mitatu ya friji, mapipa, magunia yaliyooza na jiko bovu, akavipanga uani katikati, kila kitu mahali pa kuonekana. Akafagia. Akaanza kuhamisha vichwa vyake vya sponji vya kuvalisha wigi, viwili viwili, kimoja kila kwapa.

Mama mkwe alitokea mlangoni, funguo zikilia. "We mwanamke, unafanya nini?"

"Nahamia chumbani kwangu, mama."

"Chumba gani chako?"

"Kile ulichoniandikia."

"Ile ilikuwa karatasi tu ya kukusaidia! Unashukuru namna hiyo?"

"Nashukuru sana. Ina muhuri."

Mama mkwe akashika fremu ya mlango. Labda alianza kuona, maana watu wa bohari wanaona haraka kitu kikishasainiwa. "Basi kama ni hivyo, toka. Toka kwangu leo leo, na vichwa vyako."

"Sitoki, mama. Umeiambia serikali naishi hapa, na kule kwenye malipo nimeonyesha hivyohivyo. Ukinifukuza nitaipeleka ile barua kwa watu wa ofisi ya kazi, waone mtumishi wako wa miaka sita amelipwa lini." Aliongea bila kupandisha sauti, kichwa kimoja cha sponji kikiwa kwapani. "Sikutaka nyumba yako. Nilikupigia magoti kwa mistari miwili. Umeandika mitano."

Mama mkwe alibaki anamtazama Msusi akipita na vichwa, akirudi, akipita tena, na hakuna sufuria iliyokuwa motoni, na saa sita ilishafika.

Fundi alirudi kula saa saba. Alikuta sebuleni mama yake analia kwa hasira, mezani hakuna kitu, na uani mali yake yote imeanikwa juani. Mlango wa chumba cha uani ulikuwa umefungwa kwa ndani. Aliusukuma kwa bega, ukakataa. Akabisha.

"Fungua, mimi."

"Nani?"

"Acha utoto. Mimi mumeo."

Ndani kulisikika kiti kikisogezwa. "Mume wangu alisaini kwamba mimi si ndugu yake," Msusi akasema kutoka upande wa pili. "Siku hiyo alikuwa na friji la bucha."

"Ningefanyaje? Mama alikataa kuandika vingine. Nilitaka upate hela zako! Mimi ndiye niliyekusaidia, hujui tu." Akabandika paji la uso kwenye mlango. Sauti ikalainika, ikawa ile ya zamani, ya wakati anambembeleza. "Mke wangu, fungua basi tuongee. Mke wangu."

"Hilo neno umelitoa wapi?"

"Lipi?"

"Mke wangu. Kuna mahali popote limeandikwa?" Alingoja. "Barua niliyonayo ina saini yako, inasema humu analala mtumishi wa mama yako. Kama una nyingine inayosema vingine, ipitishe chini ya mlango nami nitaisoma."

Fundi alisimama pale kwenye jua, kati ya milango yake mitatu ya friji. Akapapasa mfuko wa shati, kisha wa suruali, wa kulia na wa kushoto, kama mtu anayetarajia kuikuta.